Mgeni Hakai Nyuma

Mimi ni mwoga wa magari, na uoga huo sikuupatia Mwanza. Nilikulia Nakuru, Kenya, katika nyumba iliyotazama barabara kuu na ajali zake. Nilipopata kazi ya kufundisha hesabu katika shule moja ya binafsi huku Tanzania, nikahamia Pasiansi, Mwanza, na binti yangu, nilidhani nimekuja kupumzika kando ya ziwa. Kumbe nimekuja kupandishwa pikapu.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya mdogo wake mama mwenye nyumba wangu. Huyo mama mwenye nyumba mimi namwita Mama tu, na mdogo wake kila mtu pale nyumbani humwita Mjomba. Siku za kazi pikapu ilibeba saruji. Jumamosi na Jumapili ilibeba ndugu. Walikaa nyuma juu ya mikeka, na waliokosa nafasi walikaa juu ya kingo za bodi, miguu ndani na migongo nje, wakipiga soga kana kwamba wako barazani. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Tairi za mbele zilikuwa kipara kama kichwa cha Mjomba mwenyewe, na nilimwambia hivyo mbele ya watu.

"Mwalimu, Mungu yupo," Mama alikuwa akinijibu.

"Yupo, Mama. Na fundi wa tairi naye yupo."

Walicheka, nami nikanuna. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nikawaambia siku moja. Wakacheka zaidi.

Jambo moja liliniudhi kuliko tairi. Kila safari, nikitaka kukaa na wanawake wenzangu, Mama alinishika mkono na kunipeleka mlango wa mbele. "Mgeni hakai nyuma," alikuwa akisema. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi mwaka wa tatu ulikuwa unakwisha na jembe sijaliona. Nilipika misibani mwao, nililia nao, binti yangu alimwita Mama "Bibi" na hakuwa na bibi mwingine aliyemkumbuka sura. Bado nilikuwa mgeni. Niseme ukweli lakini: kiti cha mbele kilikuwa na mkanda, kwa hiyo nilinuna huku nimekaa.

Kisha ikaja arobaini ya mama yake Mama, kijijini huko ng'ambo ya ziwa, mbele ya Kamanga. Tuliondoka asubuhi mapema, Mjomba, Mama, wanawake watano wa ukoo, mimi na binti yangu aliyekuwa na miaka mitano. Nyuma kulikuwa na magunia mawili ya mchele, mikeka, na sufuria kubwa ya pilau iliyosimamishwa nyuma ya kiti changu hadi ikaziba kioo chote. Kwenye kivuko tulishuka kama ilivyo kawaida, gari likapanda kivyake na sisi kivyetu. Tulipofika Kamanga, binti yangu alikuwa anasinzia wima.

Nilitaka akae mbele. Lakini upande wangu kulikuwa na mkanda mmoja tu, na mtoto anayepakatwa kiti cha mbele ndiye wa kwanza kufika kwenye kioo. Hilo nilikuwa nalifundisha darasani, kwenye hesabu za mwendo. Nyuma angekuwa na Bibi yake, katikati ya magunia, juu ya mikeka. Nilisimama pale gatini nikipima hofu hizi mbili, watu wakinisubiri juani, na kwa kuwa ilikuwa siku ya arobaini niliona aibu kuleta ubishi. Nikamwacha nyuma. Sijawahi kufanya hesabu mbaya kama ile.

Tulikuwa tumekwenda nusu saa hivi kwenye barabara ya changarawe, lori lililotoka mbele likatuwashia taa mara mbili. Anayeishi huku anajua maana yake: trafiki wako mbele. Mjomba akasimamisha gari kabla ya kona, akajifunga mkanda ambao hakuwa ameugusa tangu asubuhi, akatoa kichwa dirishani.

"Haya jamani, shukeni. Katizeni hapo kwenye mihogo, tukutane mbele."

Walishuka wakicheka, kwa mazoea. Pikapu ingepita kwa askari na mzigo tu, wao wangezunguka na kijia cha shambani kama watu wanaokwenda gulioni, kisha wangepanda upande wa pili. Nilichungulia nyuma, sufuria ikanizuia. Nikaita, "Mtoto yuko wapi?"

"Amelala, Mwalimu, usijali!" mmoja wao akajibu, na Mjomba akaondoa gari.

Niliridhika. Hilo ndilo linaloniamsha hadi leo, kwamba niliridhika. Nilifikiri amelala mgongoni mwa mtu.

Askari alitazama leseni, akazunguka nyuma, akaona magunia, mikeka na kanga zilizotandazwa juu yake. Mjomba akamwambia tunakwenda arobaini, akatuambia tupeleke pole msibani, tukapita. Mjomba akaanza kupiga mluzi.

"Unaona?" akasema. "Mtoto hata hakuamka."

"Mtoto gani?"

"Wako. Watoto wakilala huwa hatuwashushi. Tunawafunika kanga, trafiki anaona mzigo tu."

Nikageuka nyuma, nikaona sufuria tu. "Mjomba, simama."

"Hapo mbele tu, Mwalimu, tunawasubiri..."

"Simama sasa hivi!"

Sijui kama alikanyaga breki kwa sababu yangu. Nimejiuliza mara nyingi. Tairi la mbele lilipasuka, usukani ukamponyoka, nikaona mtaro, kisha anga, kisha mtaro tena.

Gari lilipotulia lilikuwa limelalia ubavu wa dereva na mimi naning'inia kwenye mkanda juu yake. Vumbi lilijaa kinywani. Mjomba alikuwa akiguna. Nilisikia sauti ndogo ya kitu kinachomiminika, nikadhani ni dizeli. Ulikuwa mchele. Nikaita jina la mwanangu. Nikanyamaza nisikilize. Nyuma hakukuwa na sauti ya mtu.

Niseme nini juu ya hofu ya namna ile? Si ile ya moyo kwenda mbio. Moyo wangu ulikwenda polepole, na mikono ikafanya kazi yenyewe. Nilifungua mkanda nikamwangukia Mjomba, akapiga ukelele, nami sikumwomba hata radhi. Nilikanyaga usukani nikatokea dirishani.

Bodi ilikuwa imebonyea. Ukingo wote wa kulia, pale wanawake wawili walipokuwa wameketi tangu Kamanga, ulikuwa umekunjika juu ya jiwe. Ule ukanda wa mpira ulikuwa umekatika na mlango wa nyuma haukuonekana. Sufuria ilikuwa bapa. Magunia yalikuwa yamepasukia juu ya mikeka na mchele umefunika kila kitu. Nikapiga magoti nikaanza kufukua kwa mikono. Nikaifikia kanga, nikaivuta, chini yake mchele mtupu. Nikafukua tena. Nikashika kandambili moja ya njano. Ilikuwa ya kwake.

Yule askari alikuja mbio. "Nani alikuwa nyuma?" akauliza. Nikamwonyesha kandambili. Alitupa kofia yake pembeni, akapiga magoti kando yangu, akafukua. Hakuuliza kwa nini hakumwona. Alifukua tu, akisema "Ee Mungu, ee Mungu," na nilimchukia kwa kulisema, kwa sababu lilifanya mambo yawe kweli.

Wanawake walitokea mihogoni wakipiga mayowe. Niliwahesabu, mwalimu wa hesabu mimi: watano, na hakuna aliyebeba kitu mgongoni. Yule aliyenijibu nisijali alijishika kichwa. "Nilishuka wa kwanza," akalia. "Nilimwacha amelala. Jamani, nilimwacha amelala pale pale!"

Nikaacha kufukua. Sikutaka tena kufika chini.

Mama hatembei haraka. Ana magoti mabovu, na miaka yote niliyomjua hajawahi kuwa wa kwanza kufika popote. Alitokea mihogoni akiwa nyuma kabisa ya wenzake, amejipinda, viatu mkononi, akihema. Mgongoni alikuwa amefunga kitu kikubwa kwa kanga. Miguu miwili mirefu ilining'inia, mmoja una kandambili ya njano na mwingine hauna.

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Nilimfokea. "Kwa nini hukusema? Kwa nini hukusema unaye?" Nilimfokea mama wa watu, aliyemzika mama yake siku arobaini zilizopita, mbele ya ukoo wake na askari, mpaka nikakaa chini barabarani. Binti yangu akaamka kwa kelele zangu, akatazama mguu wake.

"Kandambili yangu nyingine iko wapi?" akauliza.

Nilikuwa bado nimeishika. Ilibidi askari anifunue vidole.

Mjomba alivunjika mfupa wa bega. Mimi nilibaki na alama ya mkanda, nyeusi kutoka begani hadi kiunoni, na kwa wiki mbili niliigusa kila nilipooga. Mkanda wa Mjomba ulifungwa kwa ajili ya askari, na wale wanawake walishushwa kwa ajili ya kumkwepa askari huyo huyo. Sijui nimshukuru nani. Arobaini ilisomwa, wali ukapikwa na majirani.

Siku kadhaa baadaye tulikuwa uani Pasiansi na Mama, tunachambua dagaa. Nilikuwa nimeshamwomba radhi mara mbili na mara zote mbili akanikemea. Siku hiyo nikamuuliza kilichokuwa kinanila. Kwa magoti yale, kwa nini alimbeba? Kwa nini hakufanya kama kawaida yao?

Alitupa kichwa cha dagaa pembeni.

"Waliniambia nimwache, tunakatiza tu mara moja, wakatangulia. Mwalimu, wajukuu zangu nimewaacha hivyo mara ngapi sijui. Angekuwa wa kwangu wa damu, ningemfunika kanga nikashuka. Sikufichi. Lakini huyu ni mtoto wa mgeni. Mtoto wa mgeni ni amana. Akipata hata mkwaruzo, nitakwambia nini?"

Miaka mitatu nilikuwa nimepigania wanivue lile neno "mgeni". Niliweka dagaa chini.

Pale uani mjukuu wake alikuwa akiruka kamba na binti yangu. Walilingana umri na urefu. Nilimtazama yule mjukuu, wa damu, wa nyumbani, asiye amana ya mtu, na hofu ikanirudia upya, ile ile ya kwenye mchele. Usiku ule sikulala, na safari hii si kwa ajili ya wangu.

Haukupita mwezi, ikaja harusi ya ndugu yao na pikapu ya kuazima. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa ukanda wa mpira, mpya kabisa. Watoto wote wawili walikuwa wameshavaa nguo za harusi. Mama akanishika mkono kama kawaida.

"Mwalimu, mbele. Na mwanao tutambana hapo hapo. Mgeni hakai nyuma."

Mjukuu wake alikuwa tayari ameweka mguu mmoja kwenye bampa, anapanda. Nilimshika kiunoni nikamshusha, akapiga kelele kwamba nampotezea nafasi. Nikawashika wote wawili mikono, mmoja huku na mmoja huku. Watu walikuwa wananitazama.

"Sisi tunatembea mpaka kituoni tukapande basi," nikasema.

"Huyo mwache, Mwalimu," Mama akasema. "Huyo ni wa hapa hapa."

"Leo si wa hapa, Mama," nikamjibu. "Leo na huyu ni mgeni."