Sori ya Kijakazi

Tangu nistaafu nikapewa pasi ya mabasi, mimi hupanda lolote linalotangulia kufika. Ndivyo nilivyojikuta siku moja ya mwaka 2004 ndani ya ukumbi wa kanisa pale Tottenham, London, nakimbia mvua na kufuata harufu ya chai. Na namwona nani? Kijakazi binti Mwadini, mtoto wa Pemba, anayewaogesha wazee huko Edmonton.

"Shikamoo, Ami Mansour! Umekuja kuwa nani, askari au Mpalestina?"

"Marahaba. Nimekuja kuwa mtu mkavu."

Akanieleza. Kikundi kilichokutana pale hupeleka watu wa kujitolea Palestina, wakasimame kwenye kizuizi cha jeshi la Israeli alfajiri, Wapalestina wanapopita kwenda makazini na hospitali. Wao hutazama na kuripoti: lango limefunguliwa saa ngapi, nani karudishwa na kwa nini. Hawagombi na mtu. Siku ile walikuwa mazoezini, nafasi imebaki moja, na Kijakazi akiitaka kwa roho yake yote. Alipokuwa mdogo walipekuliwa bandarini, mamake akitetemeka, na mwanamke wasiyemjua akasimama pembeni akiwatazama mpaka wakapita.

"Hakufanya kitu, Ami. Lakini mama aliacha kutetemeka."

Basi nikavishwa kofia, nikawa askari. Viti viwili vikawa lango. Bi Ilham, Mpalestina hasa anayekaa Neasden, akawa mpitaji. Mkufunzi alikuwa Albert, Mwingereza mrefu, mtaratibu.

Nikamrudisha Bi Ilham kwa sauti kali. Kijakazi pale pembeni akamwambia, "Sori, mama. Sori sana."

Albert akatusimamisha. "Mbona unaomba radhi? Wewe ndiye uliyefunga lango?"

Tukarudia. Safari hii Kijakazi akanigeukia mimi askari: "Sori kwa kazi."

Na mimi, kofia kichwani, ulimi ukateleza: "Nishapoa, mwanangu!" Nikamfungulia Bi Ilham lango.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Albert naye alicheka, ila akafuta miwani na kusema hapo pana shida. Askari atadhani anakejeliwa, na wapitaji watadhani yeye ndiye aliyewakosea. Labda asubiri mwaka mwingine.

Kijakazi alinywea. Halafu akasema, "Si radhi ile, ni pole. Ukianguka barabarani, Albert, nakwambia pole. Sikukusukuma mimi!"

"Kwa Kiingereza inaitwaje?"

Tukatazamana, mimi na yeye. Miaka yote hii Uingereza, na hatuna neno.

Bi Ilham akaweka kikombe chini. "Na huyu aliye kazini, mnampa pole kwa kazi yake?"

"Eeh, mama."

"Kwetu tunamwambia yaatik el-afya. Mungu akupe afya. Hata mfagiaji tunamwambia."

"Afya?" Kijakazi akaruka. "Afya hii hii? Hiyo ninayo tangu kuzaliwa!"

Albert akamuuliza Bi Ilham, "Ungekuwa langoni ukaambiwa hivyo, ungeonaje?"

"Ningejua kuna mtu kaniona."

Albert akampa Kijakazi mkono. Nafasi ikawa yake.

Baada ya miezi mitatu nilimkuta kwenye basi la kwenda Edmonton, kaiva kwa jua, anacheka peke yake.

"Ile afya ilikufaa?"

"Wee, Ami! Asubuhi ya kwanza, watu wamebanana langoni, baridi kali, afya yote ikanitoka kichwani. Nikapaza sauti: Poleni jamani!"

Sasa Kiarabu hakina herufi P, nao huitamka B. Wiki ya pili vibarua wakawa wanampungia mkono: "Sabahal kheri, yaa Bole!" Ndilo likawa jina lake.

"Na askari je?"

"Wengi wananuna. Mmoja alitabasamu, kisha akakumbuka kununa." Akanigusa bega. "Siku moja kibarua karudishwa, na kazi yake ya siku imepotea. Nikamsogelea nimpe pole. Akanitangulia yeye. Akaniambia mimi: Bole, Bole."

"Ukamjibu nini?"

"Sasa ningemjibu nini, Ami? Nishapoa!"

Tukacheka mpaka kituo chake kikatupita.