Kaka wa Malkia, Hayes

Kila asubuhi, kabla hajaosha uso, Msabaha alipapasa chini ya mto wa sofa kuhakikisha rimoti ipo. Ikiwepo, basi na yeye bado yupo. Sofa ilikuwa ya shemeji yake Mansour, na nyumba pia, huko ughaibuni, Hayes. Msabaha alikuja kutoka Pemba kumjulia hali dada yake, Ummukulthum, wiki mbili tu. Rimoti ilishabadilishwa betri mara nyingi tangu hapo.

Jioni nyumba nzima ilitazama kaseti za Kichina alizokodi Mansour dukani kwa Harish, Queensbury. Binti yao Miska ndiye aliyesoma Kiingereza cha chini ya picha na kuwafasiria. Mfalme kaoa binti wa muuza maharage. Mara baba mtu kawa jenerali, ami kashika hazina, na kaka, asiyejua hata kufunga viatu, kapewa kasri na kofia ya manyoya ya tausi.

"Mwanamme huyo!" Msabaha alisifu. "Kazi yake kuwa kaka."

"Bwana Kofia, sogeza miguu nipite," alisema Mansour.

Halafu malkia akampa Mfalme supu iliyopoa. Kofia zikaanza kuvuliwa. Baba akapelekwa jangwani, ami akatiwa ndani, kaka akajificha mtungini. Kaseti ikaishia hapo. Mansour akamgeukia shemeji yake, akatabasamu.

Kesho yake Msabaha alisimama jikoni. "Dada, supu ichemke! Ichemke hasa!" Mansour akaungua ulimi. Na kaseti ya mwisho ikapotea, mpaka Ummukulthum alipoingiza kopo katika gunia la mchele.

"Kaka, hii inapikwa na nini?"

Wakaitazama. Mfalme alipoufunua mtungi, Msabaha akafumba macho.

"Miska, wamemchinja?"

Miska alimtazama baba yake kwanza. "No, Uncle. Kasamehewa."

"Alhamdulillahi!"

"Ila kapewa kazi. Kubeba mizigo langoni, kila alfajiri."

Mansour akazima televisheni. "Enhe, shemeji, nilisahau. Uwanja wa ndege wanataka mtu wa kupakia mizigo. Nimeshakusemea. Unaanza kesho."

Msabaha akainuka. Akaitoa rimoti chini ya mto, akaiweka juu ya televisheni kwa heshima zote, akavaa koti la Mansour.

"Naenda kununua maziwa."

"Maziwa yamo tele, kaka," alisema Ummukulthum.

"Haya ni mengine," akajibu, akaufunga mlango taratibu. Maziwa hayo hayajafika mpaka leo, wala koti.