Mama mkwe na karnesheni za harusi yetu

Jamani, leo mume wangu amepigwa sufuria ya kichwa kwa ajili yangu, na sijawahi kumpenda hivi!

Mnakumbuka yale maua ya karnesheni ya shada langu la harusi? Nilichomeka vijiti vyake mchangani, vikashika. Sasa ni miche mizuri.

Leo asubuhi nikachukua kisu nikaanza kukata ncha, ili kila mche utoe matawi.

Mama mkwe, aliyetoka Bungoma jana, akanikuta.

"Wewe! Unakata vichwa maua ya harusi ya mwanangu? Unataka afe?"

Kabla sijajibu, kofi! La pili likanibamiza ukutani. Mdomo ukajaa damu. Akainua sufuria ya ugali.

Wafula wangu akaruka katikati, ikamshukia yeye. Damu mpaka kwenye shati!

"Mama! Huyu ni mke wangu. Ukimgusa tena, unarudi nyumbani leo."

Kisha mpenzi wangu akapiga magoti, damu ikidondoka, akaokota zile ncha, akaniuliza, "Mami, hizi tunazichomeka wapi?"

Tukazichomeka pamoja.

Mama mkwe akasogea kuangalia. Mwishowe akauliza, "Kumbe vichwa vinaota?"

"Vinaota, mama," nikamjibu.

Sasa anataka mche mmoja apeleke kwake.

Wapendwa, mdomo bado umevimba. Nimpe?