Maji ya Chai ya Mama

Nilikaa chuo kikuu miaka mingi nikijifunza mahali planktoni, yaani vijimea visivyoonekana kwa macho, hujikusanya katika bahari za barafu. Hujazana ukingoni mwa barafu inapoanza kuyeyuka na jua kurudi. Hilo naweza kulieleza hata nikiwa usingizini, ingawa barafu pekee niliyowahi kuigusa ni ile ya kuhifadhia sangara.

Mwezi uliopita nilifika nyumbani, Muhuru Bay, nikakuta ziwa letu limekuwa kijani kama rangi iliyomwagika. Mama, ambaye tumbo lilikuwa likimsumbua, alikuwa akiusukuma utando wa vijimea kwa kiganja, anachota maji ya chini, anayachemsha na kupika chai.

"Mama, sumu ya hivi vijimea haiondoki kwa kuchemsha."

"Kila kitu kinakufa kwa moto, wuoda, mwanangu. Wewe ulisomea vya kwenye barafu. Hivi ni vya hapa."

"Ni binamu zao."

"Basi niambie, kesho hao binamu watakuwa upande gani wa ufuo?"

Sikujua. Ziwa letu sikuwahi kulisomea.

"Chota kisimani," nilimsihi.

"Kisima kiko juu mlimani, na maji yake hayana ladha. Ukitaka niyanywe, yalete."

Sasa kila asubuhi nateremka mlima na mtungi begani, mgongo ukinung'unika. Mama huonja chai, hukunja uso, kisha humaliza kikombe. Tumbo limetulia. Lawama za ladha bado ni zangu.