Mashuka Meupe ya Mbezi Luis

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa sabuni wala maji. Mkuu wa Dobi alitandaza juu ya meza shuka moja jeupe lililotoka chumba cha mgeni, akaniambia nilitazame mpaka nichoke. Nilikuwa msichana wa Mbweni, nimemaliza shule juzijuzi, na hoteli ile ya ufukweni ilikuwa mwendo wa miguu kutoka kwetu.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Naona shuka chafu, mzee."

"Chafu si jibu. Chai ni jibu. Damu ni jibu. Kila doa lina jina lake, na ukikosea jina umekosea dawa."

Alikuwa Mpare mpole, mwenye miwani iliyokuwa ikimwangukia puani kwa mvuke. Alinifundisha kwamba damu hutolewa kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto huipika ndani ya uzi isitoke tena. Alinifundisha pia habari ya mafuta ambayo wageni hujipaka ili jua lisiwaunguze. Ukiyatia klorini, ile dawa ya kung'arisha, huku maji yako ni ya kisima chenye chuma, shuka hutoka na mabaka ya kutu ambayo hayana msamaha. Mafuta hayo hutanguliziwa sabuni ya kuyakata, kisha klorini huwekwa mbali kabisa.

"Kazi yetu ni moja," alisema jioni ile tukifunga mlango. "Mgeni akivuta shuka, aamini hakuna aliyelala hapa kabla yake. Siku akihisi kulikuwa na mtu, tumeshindwa."

Nilikaa na neno hilo miaka mingi. Nilipita mikononi mwa Meneja wa Vyumba ambaye hakuwa msemaji. Alipitisha kiganja juu ya kitanda, na akikunja uso tulianza upya. Baadaye nilihamia Chang'ombe, Temeke, kwenye kampuni iliyokuwa ikifua mashuka ya hoteli nyingi kwa pamoja. Huko nilifanywa msimamizi wa zamu, na huko ndiko nilikokutana na kalenda.

Kalenda ninayoisema haitundikwi ukutani. Ni mtambo wa mapipa marefu ya moto yanayozunguka. Shuka huingia likiwa na unyevu upande mmoja na kutokea upande wa pili kavu, limenyooka kama karatasi. Mtambo unahitaji mtu wa kuulisha, anayeshika pembe mbili za shuka na kuliachia bila kulikunja hata kidogo. Mtu wetu alikuwa Rehema, mama wa watoto watatu aliyetoka Singida na kupanga Mbagala. Mikono yake ilikuwa na haraka isiyo na papara. Mtambo ule ukizunguka, jengo zima lilinguruma, na mama ntilie wa getini alikuwa akisema anajua siku itakuwa nzuri kwa kusikiliza ukuta.

Kisha ulikuja ugonjwa ule wa dunia nzima. Gari letu lililokuwa likirudi limejaa magunia ya mashuka lilianza kurudi nusu, halafu na magunia machache, halafu dereva akarudi na funguo tu. Ninyi vijana mliokuwa wadogo wakati ule napenda mwelewe hili: mtalii hatuoni sisi, wala sisi hatumwoni, lakini tumefungwa kamba moja. Akiahirisha safari akiwa kwao, hoteli haimtandikii, sisi hatufui, fundi wa mashine haitwi, na mama ntilie wa Chang'ombe anapunguza mchele sufuriani.

Watu hudhani ndege ziliporudi, kila kitu kilirudi nazo. Hapana. Hoteli mbili tulizokuwa tukizifulia zilikuwa zimefungwa moja kwa moja. Nyingine iligeuzwa nyumba za kupangisha. Zilizobaki zilikuwa zimepata woga, zikanunua mashine ndogo zao wenyewe ili zisimlipe mtu wa nje. Wageni walikuja, ila kazi haikutufuata. Wenzetu wengi walikwisha kwenda zao. Mmoja alirudi kwao Kimbiji akawa anakaanga samaki, na mpaka leo hajarudi dobi.

Siku moja Mkurugenzi, mwenye kampuni, aliniita ofisini.

"Bi Mwanaidi, nimepata mtu wa kuinunua kalenda. Anakuja mwisho wa mwezi."

"Na Rehema na wenzake?"

Akasugua macho. "Kalenda ikinguruma inanilia umeme. Ikinyamaza inanilia kila kitu. Niletee vitanda vya kufulia mashuka, sitaiuza. Lakini vitanda viko wapi?"

Nilitoka nikapita mbele ya Rehema, ambaye alikuwa akifuta vumbi kwenye mapipa yaliyopoa.

Wiki ile ile nilimsindikiza dada yangu aliyekuwa anapanda basi la alfajiri kwenda Tabora. Tukalala gesti moja ya Mbezi Luis, karibu na stendi kuu ya mabasi ya mikoani. Gesti ilikuwa imejaa. Tulipata chumba cha mwisho, na kitanda kilikuwa na shuka la zambarau lenye maua makubwa, na foronya ya kijani. Dada akalala mara moja. Mie nilikaa kitako. Nilikuwa nimevitafuta vitanda ufukweni, kumbe vilikuwa huku, vimejaa watu.

Asubuhi, basi lilipoondoka, nilirudi kumtafuta mwenye gesti, mama wa Kichaga mwenye kicheko kikubwa aliyeitwa Mama Glory.

"Mama Glory, mbona mashuka yako yote ni ya maua?"

"Maua yanaficha, mama. Unataka niseme uongo?"

"Nikuletee meupe. Hununui, unakodi kwetu. Tunayafua, tunayanyoosha, tunayaleta."

Akacheka mpaka mhudumu wa mapokezi akachungulia. "Meupe kwa abiria wa basi? Watu wana vumbi la Dodoma mpaka masikioni! Nyie watu wa mahotelini, kesho mtaniambia nikunje na taulo liwe bata wa kupamba kitanda."

"Bata sikuletei. Nipe korido moja tu."

"Korido moja," akasema, bado anacheka. "Yakiharibika ni yako."

Kampuni ilikuwa na mashuka yake, yale tuliyokuwa tukizikodisha hoteli msimu wa wageni wengi. Yalikuwa yamelala kabatini. Mkurugenzi aliniruhusu kuyachukua, bila furaha na bila kukataa.

Mzigo wa kwanza uliporudi, nilitandaza shuka mezani kama nilivyofundishwa, nikalitazama. Madoa yale sikuyajua. Hapakuwa na mafuta ya jua hata tone. Kulikuwa na vumbi jekundu na alama za mafuta ya kujipaka. Shuka moja lilikuwa na kiganja kizima cha hina, vidole vyote vitano, kana kwamba bibi harusi ametuma salamu. Nikaamuru yalowekwe mara moja. Rehema akanishika mkono.

"Subiri, mama. Hilo vumbi ni la kwetu, nalijua. Haliloweki. Lianike mpaka likauke kabisa, ulikung'ute nje, ndiyo uguse maji. Ukilinywesha mapema linahamia ndani ya uzi."

Tukafanya hivyo. Vumbi likaondoka na upepo wa Chang'ombe, na kilichobaki kikaondoka na sabuni. Hina ndiyo ilitushinda. Hina ina jina, ila haina dawa. Rehema akafikiri, akasema, "Kwa nini tusimpe mwenye hina kitu chake?" Kwetu pwani na kwao bara wanawake husafiri kwenda harusini na mikono mibichi, na hakuna wa kuwakataza. Basi tukamshauri Mama Glory aweke mapokezi kanga za rangi nzito. Mwanamke akifika na hina mbichi, anaulizwa kwa adabu na kupewa kanga ya kutandika juu. Mama Glory alipenda hilo kuliko mashuka yenyewe. "Huo ndio ukarimu," alisema. "Hilo la meupe bado nakuangalia."

Siku chache kabla mnunuzi wa kalenda hajafika, nilimwomba Mkurugenzi twende Mbezi Luis akaone mwenyewe. Alisimama koridoni akiangalia saa yake. Ikawa bibi mmoja ameshuka kwenye basi la bara, amejitanda, gauni limebadilika rangi kwa vumbi. Mhudumu akamfungulia mlango. Bibi akaingia hatua moja, akagusa shuka kwa ncha za vidole, akageuka.

"Mwanangu, hiki chumba kipya? Naona hajalala mtu bado."

Mhudumu akatutupia jicho, akamjibu, "Bado, bibi. Wewe ndiye wa kwanza."

"Haya. Basi nisije nikawa wa kwanza kuharibu."

Akatoka tena, akatupita, akaenda mpaka uani. Tukamsikia anakung'uta gauni, kanga na viatu, pigo baada ya pigo. Aliporudi alikuwa safi kiasi chake, akafunga mlango.

Mama Glory hakucheka. Alimtazama Mkurugenzi. "Maua yangu yaliwafundisha watu wasijali," akasema. "Nileteeni ya gesti nzima. Na mdogo wangu ana gesti yake hapo nyuma, mtaongea naye."

Njiani kurudi Mkurugenzi aliendesha mpaka Ubungo. Hapo kwenye foleni akachukua simu, akampigia mnunuzi, akamwomba radhi. Mimi nilitazama dirishani ili asione uso wangu. Kesho yake ukuta wa Chang'ombe ulinguruma, na mama ntilie akaongeza mchele.

Sasa nimestaafu, niko Mbweni, nafua mashuka yangu mawili kwa mkono. Sitawadanganya kwamba tulirudi kama zamani. Kampuni ni ndogo kuliko ilivyokuwa, na wapo ambao kazi yao haikurudi kabisa. Lakini imesimama, na Rehema ndiye msimamizi wa zamu. Vijana mnaosoma mambo ya hoteli mkiniuliza kama kuna kesho, nawaambia ipo, ila msimngoje mgeni mmoja tu mnayemjua. Mgeni ni yeyote aliyechoka na anayetaka kulala.

Mwezi uliopita nilipita kumsalimia Rehema. Hoteli moja ya ufukweni imerudisha mashuka yake kwetu, na yanapita kwenye kalenda ile ile pamoja na ya gesti. Tunayatofautisha kwa uzi mdogo kwenye pindo: bluu ni hoteli, nyekundu ni Mbezi Luis. Rehema alinipa moja likiwa bado na joto, amefunika pindo kwa kidole gumba.

"Haya, mama. Hili la nani?"

Nikalitazama mpaka nikachoka. Sikujua.