Mikono Mitupu ya Mwamvua

Kabla ya kugusa kioo cha ndege, Mwamvua alivua bangili zake. Ndivyo fundi Silvesta alivyomfundisha, mwaka ule kwelea kwelea walipomaliza mtama wa watu na ndege ndogo ya kunyunyizia dawa ikaletwa Shinyanga, naye akapata kazi ya kuiosha. Kifuniko cha chumba cha rubani walikiita kioo, lakini kilikuwa plastiki, chepesi kuumia. Kwanza maji mengi, kisha kiganja kitupu kutafuta mchanga, maana kitambaa hakisikii chembe. Mkwaruzo mmoja ukipigwa na jua humpofusha rubani, naye huruka chini kabisa, juu ya miti tu.

Bangili hizo za fedha alivishwa na mumewe, Akida, siku ya ndoa. Akida alikuwa Geita machimboni. Mwamvua alibaki na mama mkwe, Bi Zuwena, akimpikia na kumkanda miguu.

Siku moja Bi Zuwena alipita uwanja wa ndege akitoka msibani, akamwona mkwewe mikono mitupu. Hakuitikia hata shikamoo. Nyumbani ndipo aliposema.

"Mwanamke huvua bangili akifiwa. Wewe unamkalia eda mwanangu akiwa hai?"

Mwamvua akaeleza habari za plastiki na mchanga. Bi Zuwena akacheka, akauliza tangu lini ndege ikaonea wivu bangili. Kisha akaapa: akizivua tena, Akida atamkuta kwao.

Kwao hapakuwa na mtu. Wazazi walikwisha kuzikwa. Basi kesho yake hakuzivua. Alizisukuma hadi karibu na kiwiko, akazifunga kwa kitambaa. Kitambaa kikalowa, kikalegea, bangili zikateremka. Akasikia sauti kama msumari juu ya sufuria.

Silvesta hakufoka. Alimpa msasa, mkali kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, maji yakitiririka. Mwamvua akasugua mpaka mkwaruzo ukawa ukungu, akapaka dawa ya kung'arisha mpaka ukungu ukaisha. Fundi akaingia ndani, akachungulia kwa muda mrefu.

"Mkwaruzo umetoka," akasema, "lakini hapa pamebonyea. Mti ule naona umepinda. Nilikuomba jambo moja tu, Mwamvua."

Kesho yake kazi ile ilikuwa ya mtu mwingine.

Akawa anashinda nyumbani na bangili zake mkononi, akimngoja mume. Akida alirudi baada ya mavuno, na mwanamke wa Geita nyuma yake. Bi Zuwena aliwapokea kwa vigelegele. Akida hakugombana na mtu. Alisema nyumba ni ndogo, akatamka talaka amesimama mlangoni, viatu bado vina udongo mwekundu.

Mwamvua alivua bangili, moja moja, akaziweka juu ya mkeka.

"Eda ya mtu aliye hai ndiyo hii, mama."

Bi Zuwena aliziokota, akazipangusa kwa ncha ya kanga, akamwita bibi harusi anyooshe mkono.