Kopo la Chumvi

Ko, ko. Mwiko ukigongwa mara mbili kwenye ukingo wa sufuria: hivyo ndivyo jiko la hospitali lilivyojua kwamba chakula kimeiva. Aliyeugonga alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono minene, mpishi wa wagonjwa kwa miaka ishirini na sita. Wauguzi walimwita Mama Mwiko mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye makaratasi tu.

Jiko lile lilikuwa na utaratibu wake. Chakula chote kilipikwa bila chumvi, maana wagonjwa wengi walikatazwa. Chumvi ilikaa kwenye kopo la bati juu ya toroli la kugawia, na mwenye kopo alikuwa muuguzi. Kitanda hiki, kidogo. Kitanda kile, hapana. Sahani ziliporudi zikiwa nusu, Mama Mwiko hakuumia. "Mgonjwa hana hamu," alisema, akazimwaga, akaosha.

Binti yake wa mwisho, aliyeitwa Kitinda nyumbani na mtaani, alikuwa akitoka shule anapitia pale jikoni. Aliketi juu ya gunia la viazi akimtazama mama yake akikata kabichi, akichemsha kuku mpaka nyama iachane na mfupa, akigonga mwiko. Toroli hakuwahi kulifuata. Watoto hawakuruhusiwa wodini. Jioni mama alirudi na bakuli la kilichobaki, akawapakulia wanawe wanne, kisha akavua viatu na kujilaza chumba cha pili. Yeye alikuwa ameshakula kazini, amesimama kando ya toroli.

Miaka ikaenda. Mama akastaafu. Kitinda, aliyekuwa karani kwenye ofisi ya mizigo, akaacha kiti chake, akapangisha chumba chenye milango miwili kinachotazama barabara, akapaka kuta rangi ya maziwa, na juu ya mlango akaandikisha: Mkono wa Mama.

Siku ya kufungua, saa saba mchana, Mama Mwiko alikaa meza ya dirishani na shoga yake wa siku nyingi, muuguzi mstaafu, yule yule aliyekuwa akishika kopo. Meza zote nane zilikuwa na watu. Fundi cherehani wa duka la pili alikuja na wenzake, walimu watatu walipita wakaona bango jipya, na makarani wa ofisi ya mizigo walijaza meza mbili. Kutoka nyuma ya pazia la jikoni ikasikika: ko, ko.

"Umesikia?" Mama Mwiko alimbana shoga yake mkono. "Mimi mtupu yule."

"Nimesikia, bibi harusi. Tulia basi, utamwaga maji."

Sahani zikaja. Wali umechambuka punje kwa punje, kuku laini, kabichi imekatwa nyembamba kama uzi. Kwa macho, hapakuwa na kosa. Muuguzi akala kijiko kimoja, akatafuna polepole, akaanza kupapasa meza kama mtu aliyepoteza miwani. Akamwita mhudumu.

"Dada, naomba chumvi."

"Mezani hatuweki, mama. Mwenyewe anasema chakula kinatoka kimekamilika."

"Kimekamilika! Shoga, mimi leo nimekuja kwa miguu yangu. Sikuletwa kwa machela."

Mama Mwiko akacheka, kisha akaonja, na kicheko kikamkauka. Ilikuwa ladha aliyoipika maelfu ya mara na hakuwahi kuila.

"Jamani, huyu kuku karuhusiwa," fundi cherehani aliuliza, "au katoroka wodini?" Wenzake wakaangua kicheko, halafu wakamfinya anyamaze. Walimu waliweka vijiko chini, wakanywa maji, wakasema hongera kwa adabu, wakaondoka. Sahani zao zilipita mbele ya Mama Mwiko kurudi jikoni, zote zikiwa nusu. Mdomo wake ulijiweka tayari kwa neno lile la zamani. Lakini humu hapakuwa na mgonjwa.

Akawaona akilini wanawe wanne, jioni zile za nyumbani, vichwa vimeinama juu ya bakuli, wanakula bila kulalamika. Chumvi ilikuwepo rafuni, hatua nne tu kutoka mezani. Angeketi nao jioni moja, jioni moja tu, akaonja walichokuwa wakionja, angeinuka akaileta. Lakini kila jioni miguu ilimuuma, na watoto walikula wakamaliza, naye akaona yametosha.

Kitinda akatoka jikoni, uso unang'aa kwa jasho, anafuta mikono.

"Watu hawana hamu leo, Mama," akasema. "Nadhani ni hili joto."

Muuguzi akamgusa Mama Mwiko kwa goti chini ya meza. "Mwambie," akanong'ona. "Nikimwambia mimi nitamwambia vibaya."

Kitinda akavuta kiti. "Ofisini walikuwa wakinitania kwamba chakula changu kimepooza. Na mimi chao kinanichoma ulimi, chumvi tupu. Nikasema ngoja, siku moja watakula cha mama yangu wanyamaze." Akaitazama sahani ya mama yake, kijiko kimoja tu kimeliwa. "Mama, niambie kweli. Nimekosea wapi? Si ndivyo ulivyokuwa ukipika?"

Mama Mwiko akaushika mkono wa binti yake. Ulikuwa na alama mbili mpya za moto. Angeweza kusema ni kitamu, na kesho mwiko ungegongwa tena, viti vikiwa vitupu.

"Ndivyo," akasema, kwa sauti iliyomfanya hata muuguzi ainame kuisikia. "Ndivyo kabisa, mwanangu. Ila mimi nilikuwa nakula na chumvi."